Gurudumu la Mbele Kushoto

Muteba huoga kama mtu anayefukuzwa. Maji kidogo kichwani, maji kidogo mgongoni, sabuni inabaki masikioni, ameshatoka. Basi asubuhi ile ya Ijumaa Honorine alijua hana muda wa kupoteza. Mara aliposikia mlango wa bafu ya uani ukifungwa, alitoa kichupa alichokificha nyuma ya masufuria, akakaza kitenge kiunoni na kutoka nje hadi kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa Noah nyeupe ya siku nyingi, yenye mlango mmoja ambao weupe wake haukufanana na weupe wa sehemu nyingine. Na ndani ya kichupa mlikuwa na mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na marashi na kuombewa na Mama Mianda, kiongozi wa kikundi cha maombi cha kina mama. Maagizo aliyompa Honorine yalikuwa wazi, magurudumu yote manne.

"Mama Gael, upake ku mapine yote ine. Adui anapitaka ku barabara. Na usipake na choyo. Mungu hapendake choyo."

Choyo Honorine hakuwa nacho kabisa. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele kushoto, akaona kwamba kupaka mpira peke yake ni kazi ya nusu, maana mpira unakanyaga matope na kinyesi cha mbuzi. Akapenyeza mdomo wa kichupa kwenye tundu za rimu, akamimina kwa moyo mweupe, huku akitaja jina la mumewe, jina la mwanawe Gael aliyekuwa akisoma Lubumbashi, na jina la Mama Darlène wa ofisi ya kantini. Alikuwa bado kwenye jina la Darlène aliposikia Muteba akikohoa na kugonga ndoo. Kuangalia kichupa, kimebaki na mafuta ya chini kabisa. Magurudumu matatu mengine akayagusa kwa ncha ya kidole, mbio mbio, akarudi jikoni na kuanza kupanga maandazi bakulini kama mtu ambaye hajawahi kutoka jikoni maisha yake yote.

Tuseme haki, alikuwa na sababu ya kuogopa. Kantini aliyokuwa anapikia, upande wa Kingamyambo, ilikuwa inatafuta gari la kuwabeba wapishi asubuhi na jioni, kila siku ya kazi, kwa mkataba. Katika mji wa Kolwezi, ambako pikipiki zimenyang'anya teksi abiria wote, mkataba wa namna hiyo mtu hauoni mara mbili. Honorine mwenyewe ndiye aliyekwenda mbele ya meza ya Darlène na kutaja jina la mumewe. Darlène hakukataa. Alitaka kitu kimoja tu.

"Mama Honorine, unileteye kontroli tekiniki ya mwaka huu. Vendredi, mbele bureau ifunge. Kama haiko, Lundi Beya anaanza na minibus yake."

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa hiyo, kabla ofisi haijafungwa, la sivyo Jumatatu ni ya Beya. Na cheti cha ukaguzi cha Noah kilikuwa kimekwisha kitambo. Juzi yake Honorine alikuwa amejaribu kumgusia mumewe habari za mafuta. Muteba alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Mafuta ya maombi iko ya kichwa ya bantu," alisema, akijigusa utosini. "Haiko ya chuma. Ya chuma ni kazi ya Ezéchiel." Na kweli Ezéchiel, fundi wake wa miaka yote, alikuja jana yake akamfungia pedi mpya za breki, plakete kama wanavyoziita, akajaribu gari barabarani, akasema liko tayari.

Muteba alitoka bafuni, akavaa shati la Jumapili. "Tuende," alisema. "Kituo mi najua."

*

Kituo alichokijua kilikuwa jirani na stendi ya mabasi. Walikuta lango lile lile na bango lile lile, ila uani mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa hadi kuupita ukuta. Mlinzi aliyekuwa anatafuna karanga aliwaangalia bila haraka.

"Jambo tata. Kontroli njo hapa?" Muteba aliuliza.

"Hapa tunauzisha simenti, tata. Kontroli ilihama."

"Ilihama wapi?"

"Bengine banasema barabara ya Likasi. Bengine banasema Mutoshi. Miye niko mulinzi ya simenti."

Kabla hawajageuza gari, bwana mmoja aliyevaa koti la suti na ndala aliinama dirishani. Aliongea kwa sauti ya chini, kama daktari. "Tata, juu ya nini kujichokesha? Munipatie makaratasi tu ya motokari. Yenyewe ibakie hapa, ipumzike. Mi nakuleteya kontroli na kashe yote, muhuri yote."

Muteba akamtazama mkewe. Mtu asimlaumu, jua lilikuwa limeshaanza kuwaka na siku ilikuwa moja.

"Mama Darlène anapigaka telefone kulekule ku kituo," Honorine alisema. "Anaulizaka numero."

"Ah, ule mama," bwana wa koti alisema, akanyooka na kuondoka zake. Inaelekea walikuwa wanafahamiana.

Wakaenda barabara ya Likasi. Hakukuwa na kituo, kulikuwa na foleni ya malori ya madini na vumbi lake. Wakarudi. Kwenye mzunguko Muteba akafanya kosa ambalo dereva mwenye akili timamu hulifanya mara moja tu maishani: alisimama mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya polisi wa barabarani, na kumuuliza kwa adabu kituo cha kontroli kiko wapi.

Polisi alitabasamu taratibu. "Kumbe hauna kontroli, tata?"

Honorine akaona siku inaishia pale pale, kwenye mzunguko, mbele ya wauza vocha. Akainua kifuniko cha bakuli alilolipakata. "Tata polisi, hata chai haujakunywa. Kamata mandazi. Ni ya moto."

Maandazi ya Honorine yanajulikana. Polisi alichukua la kwanza, akalichukua na la pili, kisha akaonyesha kwa lile la tatu. "Mufate barabara ya Mutoshi. Mukishaona stesheni ya mafuta, nyuma yake kuko lango ya bleu. Mwende mbio, benyewe banafunganga mapema."

Walikwenda mbio. Tangu asubuhi Muteba alikuwa analalamika kwamba gari linavuta upande wa kulia likishikwa breki, na kila mara Honorine alikuwa anaangalia nje ya dirisha kama hakusikia. Hakuelewa, ila alikuwa ameanza kutopenda sauti ya malalamiko yale. Karibu na stesheni ya mafuta pikipiki iliyobeba wachimbaji wawili na gunia ilitoka pembeni ghafla. Muteba alikanyaga. Noah haikusimama palepale, ilirukia kulia kama mbuzi aliyevutwa kamba, ikamkosa yule wa nyuma kabisa kwa upana wa mkono. Gunia lilianguka. Matusi waliyotukanwa hayaandikiki.

"Lakini ni plakete ya mupya!" Muteba alisema, akipiga usukani. "Ya mupya!"

Honorine bado aliyaona macho ya yule kijana wa nyuma, makubwa, karibu sana na kioo.

*

Lango la bluu lilikuwepo kweli. Ndani palikuwa na banda refu, mashine ya rola sakafuni, na mnyororo wa njano ambao wenye magari walitakiwa kusimama nyuma yake, wakubwa kwa wadogo. Mkaguzi aliitwa Nkongolo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alipokea malipo, akaandika, akampokonya Muteba usukani kwa upole.

"Shofere ashuke. Asimame na bengine."

Muteba alisimama na wengine katika shati lake la Jumapili, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Taa: nzuri. Honi: nzuri. Mipira: inafaa. Kila Nkongolo alipotikisa kichwa, Honorine alinong'ona, "Aksanti Yesu." Kisha Noah ikapanda juu ya rola, ikaunguruma, Nkongolo akakanyaga breki na kutazama kioo cha mashine. Akakanyaga tena. Akashuka, akaonyesha gurudumu la kulia, kisha la kushoto.

"Droite iko muzuri sana. Gauche mbele haishike. Hata nusu haifike."

"Haiwezekane," Muteba alisema. "Plakete ni ya jana."

"Mashini haijue mambo ya jana, tata. Motokari hii ikifunga frene na mbio, inaua muntu." Nkongolo hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma bei. "Mutengeneze. Mukirudia leo hamutalipa tena. Lakini mukuje mbele tufunge."

Inaua mtu. Honorine alishika mnyororo wa njano kwa mikono miwili.

Muteba akampigia simu fundi wake, na kwa sauti ile hakuhitaji simu. Madereva wa foleni, ambao hawakuwa na kazi nyingine, walisogea karibu. Ezéchiel alifika juu ya pikipiki ya kukodi, mfuko wa vyombo mapajani, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alisalimia wote, akampa Honorine mkono wa heshima, akainua gari kwa jeki pale uani, akatoa gurudumu la mbele kushoto. Kisha alichuchumaa hapo, mgongo kwa watu.

"Kuko nini?" Muteba aliuliza.

"Kuko mafuta, tata. Disiki yote. Na plakete imekunywa mafuta."

"Mafuta inatoka wapi?"

"Mi hapana jua. Frene haivuye hata tone. Pompe iko kavu."

"Haujue!" Muteba alipasuka. Hofu yote ya asubuhi, saruji, polisi, kijana wa pikipiki, ilimtoka kwa mpigo mmoja. "Nani njo alishika hii pine jana? Miye? Mikono yako ya grisi, Ezéchiel! Karibu niue mutoto ya bantu juu yako! Leo kazi yangu inakufa juu yako! Kuanzia sasa usikanyage tena kwangu, na mi nitasema kwa bashofere bote ya Kolwezi, bakujue!"

Hakuhitaji kwenda Kolwezi nzima. Nyuma ya mnyororo dereva wa lori alimgeukia mwenzake. "Ni huyu njo alinitengenezea frene wiki ilipita," alisema, na mwenzake akapiga mluzi. Ezéchiel aliusikia mluzi. Fundi hana duka wala bango, ana jina tu, na jina lake lilikuwa linaanguka pale chini mbele ya macho yake.

Alipitisha kidole kwenye diski, akakinusa. Akakinusa tena. Kisha akainua macho, akampita Muteba, akamtazama Honorine.

Mkewe Ezéchiel, Falonne, alikuwa katika kikundi kile kile cha maombi. Kichupa kama kile kilikaa juu ya redio nyumbani kwake. Harufu ile alilala nayo kila usiku, kwenye mto. Honorine aliona kwamba amejua. Akangoja aseme.

Ezéchiel alifuta kidole kwenye suruali. "Labda ni miye, tata," alisema polepole. "Labda sikupanguza mikono muzuri. Pardon."

*

Honorine angeweza kunyamaza, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kila alipolikumbuka. Gari lingetengenezwa vilevile, cheti kingepatikana, Darlène angeridhika, Muteba angenuna wiki moja na kumtafuta fundi mwingine. Hakuna ambaye angejua. Lakini yule mtu alikuwa amechuchumaa pale, kofia ya sufu imemteremka machoni, amebeba mzigo usio wake ili mke wa mteja asiaibike mbele ya foleni. Honorine aliona haya hadi masikio yakawaka. Akainua mnyororo wa njano, akapita chini yake.

"Mama, hapo hakupitiwe," Nkongolo alisema.

"Tata Gael, mwache," Honorine alisema. "Haiko yeye. Ni miye."

"Ni weye nini?"

"Mafuta. Ni miye nilimwanga. Asubuhi, wakati ulikuwa unaoga."

Muteba alimtazama kama anayeongea Kichina. "Mafuta gani?"

"Ya maombi. Ya Mama Mianda."

Nkongolo, kalamu mkononi, alisogea karibu, na ilionekana anauliza kwa ajili ya kazi kweli. "Mama, ulipaka mapine ngapi?"

"Yote ine. Lakini ile tatu ni na kidole tu. Hii ya gauche njo nilimwanga mingi." Akaongeza, akimwonyesha mumewe kwa kidevu, "Alikohoa, nikaogopa."

Kicheko kilianzia kwa dereva wa lori na kusambaa foleni nzima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, ya kwangu haina frene hata bila maombi! Ukuye uniombee!" Nkongolo mwenyewe aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Honorine alisimama katikati ya kicheko kile na kitenge chake kizuri, akatamani ardhi immeze.

Muteba hakucheka. Alikaa juu ya gurudumu lililolazwa chini. "Ule mutoto ya pikipiki," alisema.

"Nilimuona." Machozi yakamtoka. "Nilimuona macho, Tata Gael."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekatala."

"Eh. Ningekatala."

"Niliogopa. Mi njo nilipeleka jina yako kwa Mama Darlène. Tangu siku ile silale. Nilisema, kama inakatala, ni miye nitakuwa nimekupatisha haya. Nikatafuta kitu ya kusaidia." Alifuta uso kwa pindo la kitenge. "Na weye umetukana muntu bure, juu yangu."

Muteba si mtu wa kuomba msamaha, waulize ndugu zake. Lakini alisimama, akakung'uta suruali, na alipoanza kuongea alipaza sauti ileile aliyotukania.

"Ezéchiel! Nilikuharibia jina mbele ya bantu, basi mbele ya bantu nirudishe. Ninyi bote, musikie! Kazi ya huyu haina kosa. Kosa ni ya nyumba yangu. Na miye nilisema mbele ya kuuliza. Pardon, ndugu."

"Inaisha, tata," Ezéchiel alisema, akavuta kofia yake juu kidogo. Meno yakaonekana. "Hata kwangu, Falonne alishaka kupaka mafuta ku pikipiki yangu ya zamani. Mi nilianguka ku mulango ya kanisa."

Hapo ndipo Muteba alipocheka. Alicheka hadi akashikilia gari, na Honorine, machozi bado mashavuni, akajikuta naye anacheka.

Pedi zilizokwishakunywa mafuta hazikufaa tena. Duka la vipuri lilikuwa jirani na stesheni, lakini Muteba alipopapasa mfuko alikuta pesa ya mafuta ya gari tu. Honorine akafungua fundo la kitenge. Alikuwa amefunga humo sadaka ya shukrani ya Jumapili, tayari kabisa, kwa sababu alikuwa na hakika ya kushukuru.

"Hii ilikuwa ya kushukuru Mungu," alisema.

"Tushukuru na plakete kwanza, mama," Ezéchiel alimjibu, akaenda mbio.

Aliosha diski kwa petroli na sabuni, akaipangusa, akafunga pedi mpya mbele pande zote mbili. Mikono yake aliinawa mbele ya watu wote, akaiinua juu waione, na foleni ikampigia makofi. Dereva wa lori akaomba namba yake ya simu. Noah ikapanda tena kwenye rola. Nkongolo akakanyaga, akatazama kioo cha mashine, akakanyaga tena ili kujiridhisha.

"Droite iko muzuri," alisema. "Na gauche iko muzuri."

Akapiga muhuri.

*

Walimkuta Darlène ameshika ufunguo wa ofisi, mkoba begani. Hakurudi ndani. Alipokea cheti palepale kibarazani, akapiga simu kituoni, akasoma namba, akasikiliza. Muteba na Honorine walisimama chini ya ngazi wakimwangalia mdomo. Kitu fulani walichomwambia huko kilimfanya anyanyue nyusi, lakini hakuuliza.

"Bon," alisema, akionyesha kwa ufunguo upande wa mzunguko. "Lundi asubuhi bamama banakungoja ku rond-point. Usibachelewesheye." Alipita kando ya Noah, akasimama, akavuta pumzi. "Motokari yenu inanukia muzuri."

"Eh, mama," Muteba alijibu, akiangalia viatu vyake.

Waliondoka kurudi nyumbani. Barabara ilikuwa wazi, stika mpya ilikuwa inang'aa kwenye kona ya kioo, na kila Muteba aliposhika breki Noah ilisimama kama ilivyotakiwa kusimama, sawasawa, haikwenda kulia wala kushoto. Honorine alisikia kila kusimama kule mwilini mwake. Alikuwa amechoka, ana njaa, sadaka imekwenda, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze hakuwa anaogopa chochote.

Karibu na kwao Muteba aliegesha pembeni, akazima injini.

"Ile kichupa iko wapi?"

Honorine alikitoa kifuani, akampa bila ubishi. Alijua atakitupa mtaroni, na hakuwa na uso wa kumzuia. Muteba alikiinua kwenye mwanga.

"Kunabakia?"

"Kidogo tu."

Akamrudishia. Kisha akainamisha kichwa juu ya usukani, kipara chake kidogo kikaonekana, akafumba macho.

"Weka hapa," alisema. "Chuma uachie Ezéchiel."

Honorine alimimina yote. Sala haikuja, alichoweza kusema ni "aksanti, aksanti" peke yake. Mafuta yakashuka taratibu nyuma ya sikio la Muteba, hadi pale ambapo sabuni ya asubuhi ilikuwa bado imekaukia.